KAHAWA, USINGIZI NA MKONO WA BABU

  Mwaka huu mhariri aliniomba nilete ngano kama ile ya mwaka jana. Nikamwambia sina ngano, nina somo. Akacheka, akaniuliza, "Somo gani tena, na sisi tumetoka madarasani tumechoka?" Nikamjibu kwamba ni somo la kahawa. Hapo akanyamaza, kwa sababu yeye mwenyewe ni mmoja wa wale wanaolamba kahawa kavu kwa kijiko kila mitihani inapokaribia. Nikisema hivyo simtukani. Bwenini kwetu ni nani asiyefanya hivyo?

Sababu za kuandika ni mbili. Ya kwanza ni ubishi. Katika mkutano wa chama chetu muhula wa kwanza, mwanachama mmoja alisimama akadai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na taarabu, lakini ukijaribu kueleza kwa Kiswahili jinsi ubongo unavyofanya kazi, utakwama njiani kama lori lenye mzigo wa mawe. Wengine walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mlezi wetu naye alinitazama tu, akasema, "Basi wewe utatuonyesha." Sababu ya pili ni babu yangu.

Babu mzaa baba ni mkulima wa kahawa katika Kaunti ya Kirinyaga. Amechuma kahawa tangu utotoni na kuipeleka kiwandani kwa ushirika, lakini yeye mwenyewe haionji. Anakunywa chai ya maziwa kama Wakenya wengi. Kahawa, asema, ni ya kuuza. Miaka minne iliyopita tulianza kuona mkono wake wa kulia ukitetemeka akiwa ameketi tu, hana kazi. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana vyenyewe, kama mtu anayepukusa mahindi yasiyokuwapo. Akishika kikombe, mtetemeko unapungua. Akikiweka chini, unarudi. Akaanza pia kutembea kwa hatua fupi fupi huku mkono mmoja hausongi, na uso wake, uliokuwa mwepesi wa kucheka, ukawa kama umegandishwa.

Watu hawakosi la kusema. Wengine walinong'ona kuwa mzee ameanza kunywa pombe kisirisiri. Wengine walisema ni mkono wa mtu, kwa sababu ya ule mpaka wa shamba. Lakini lililotuumiza zaidi lilitokea siku aliyokwenda kuchukua malipo yake katika ofisi moja nisiyoitaja. Alirudi mikono mitupu. Karani alilinganisha sahihi yake na ile ya zamani iliyokuwa kwenye faili, akaikataa, ati si yake. Tulipoitazama, kweli, ilikuwa imebadilika. Herufi zilianza zikiwa ndogo, zikaendelea kupungua hadi zikawa kama siafu wanaoingia shimoni. Babu hakusema neno jioni hiyo. Mtu aliyepanda mibuni yake kwa mikono yake, leo aambiwe sahihi yake ni ya mwizi!

Baadaye daktari wa mishipa ya fahamu huko Nairobi alitueleza kwamba maandishi kupungua hivyo ni dalili inayojulikana sana, na kwamba babu ana ugonjwa wa Parkinson.

Ugonjwa huu umepewa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika kijitabu juu yake mwaka 1817. Alieleza wagonjwa sita tu, na inasemekana baadhi yao aliwaona barabarani wakipita. Wengi wenu mmewahi kusikia habari za Muhammad Ali, yule bondia aliyempiga George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Mwaka 1984 aliambiwa na madaktari kwamba ana ugonjwa huu. Mwaka 1996, alipowasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, dunia nzima iliuona mkono wake ukitetemeka. Alifariki mwaka 2016. Nilipomwonyesha babu picha ile, aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe hata huyu." Nadhani maneno hayo matatu yalimsaidia kuliko mengi aliyoambiwa.

Sasa tuingie ndani ya ubongo. Msikimbie, nitakwenda pole pole.

Seli za ubongo hazigusani kabisa. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo mno, na seli ikitaka kumpasha jirani habari, humwaga kemikali fulani mwanyani. Kemikali hiyo huvuka, ikafika kwenye ngozi ya seli ya pili, na huko hukuta vitu vinavyoipokea. Vitu hivyo ndivyo nitakavyoviita vipokezi. (Katika chama tulibishana Ijumaa nzima kama neno liwe kipokezi au kipokeaji. Kipokezi kilishinda kwa kura mbili.) Kipokezi ni kama kufuli, na kemikali ni ufunguo wake. Ufunguo ukiingia ukageuka, ndani ya seli kazi fulani huanza au husimama.

Mojawapo ya funguo hizi ni dopamini. Katika shina la ubongo kuna sehemu mbili nyeusi, moja kila upande, zenye seli zinazotengeneza dopamini na kuipeleka mahali panapoitwa striatamu, kilindini mwa ubongo. Striatamu ndiyo inayosaidia kuamua mwendo gani uanze na upi uzuiwe. Kwa mgonjwa wa Parkinson, zile seli nyeusi hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mtu huja kuona dalili wakati sehemu kubwa imekwisha kwenda. Mwaka 1960, Oleh Hornykiewicz na mwenzake huko Vienna walipima bongo za watu waliofariki kwa ugonjwa huu wakakuta dopamini katika striatamu imepungua mno. Tangu hapo matibabu yakapata njia. Dopamini yenyewe haiwezi kupenya kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, kwa hiyo mgonjwa hupewa levodopa, ambayo hupenya kisha ikageuzwa dopamini humo ndani. Hiyo ndiyo dawa ya babu, pamoja na kidonge mwenzake kinachoizuia isigeuzwe kabla ya kufika.

Mwezi wa kwanza wa dawa ulikuwa kama miujiza. Babu alitembea hadi sokoni peke yake. Sahihi haikurudi yote, lakini ilisomeka. Kisha baada ya miaka miwili hivi tukaanza kuona kwamba dawa inakwisha nguvu kabla ya saa ya kumeza nyingine. Anakuwa mzima saa tatu, halafu anaganda kama mtu aliyekatiwa umeme. Daktari alisema jambo hili huwapata wengi waliotumia levodopa kwa muda, na ukiongeza tu kipimo, mwili unaweza kuanza kujinyonganyonga bila kutaka. Yaani ukipunguza anaganda, ukizidisha anachezacheza. Ndipo nikaanza kusoma vitabu vya maktaba na kumsumbua mwalimu wa Biolojia, nikitafuta kama kuna mlango mwingine. Mlango niliouona unaitwa adenosini.

Adenosini mnaijua, ila hamjui kama mnaijua. Mnakumbuka katika mada ya upumuaji wa seli, Kidato cha Pili, tulikariri adenosini trifosfati, ile sarafu ya nguvu ambayo kila seli huitumia? Sarafu hiyo ina adenosini iliyobeba fosfati tatu. Seli ikifanya kazi, hukata fosfati ili kupata nguvu. Ukikata zote tatu, kinachobaki ni adenosini tupu. Kwa hiyo ubongo unapofanya kazi kwa bidii kutwa nzima, adenosini hujikusanya nje ya seli, kama majivu yanavyojikusanya mekoni kwa kadiri kuni zinavyoungua. Lakini majivu haya si takataka ya bure. Ni ujumbe. Yanasema: tumetumia nyingi, sasa punguzeni mwendo.

Wa kwanza kuona nguvu za adenosini mwilini walikuwa Drury na Szent-Györgyi, mwaka 1929, na hawakuwa wakitazama ubongo hata kidogo. Walitoa maji ya msuli wa moyo wakamdunga mnyama, na mapigo ya moyo wake yakapungua kasi. Huyo Szent-Györgyi ndiye yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, na ndiye anayetajwa katika habari za vitamini C. Hadi leo madaktari hudunga adenosini mgonjwa ambaye moyo wake umeanza kwenda mbio isivyo kawaida, na hukaa katika damu kwa sekunde chache tu kabla ya kutoweka. Likumbukeni hili la moyo, tutalirudia.

Adenosini ina vipokezi vya aina nne mwilini: A1, A2A, A2B na A3. Kwa somo letu tushike viwili, A1 na A2A. A1 vimeenea karibu kila mahali ubongoni, na kazi yake kubwa ni kunyamazisha. Seli yenye A1 iliyogeuzwa humwaga kemikali kidogo na husisimka kwa shida. A2A vimejazana zaidi katika striatamu, palepale dopamini inapopelekwa. Ajabu ya Mungu!

Kwanza usingizi. Mwaka 1997 watafiti waliwazuia paka wasilale kwa saa sita, huku wakipima kemikali ndani ya bongo zao. Katika sehemu moja ya mbele ya ubongo adenosini ilipanda kadiri muda wa kukesha ulivyoongezeka, na paka walipoachwa walale, ikashuka. Sasa ingiza kahawa. Kafeini ilitengwa kutoka kwenye buni mara ya kwanza na Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, mwaka 1819, lakini watu walikaa miaka mia na hamsini bila kujua kwa hakika inavyomfanya mtu akeshe. Mwaka 1970 Sattin na Rall walionyesha, kwa vipande vya ubongo wa mnyama, kwamba kemikali za jamii ya kafeini huzuia kazi ya adenosini.

Inazuiaje? Nawapa mfano wa bwenini. Ufunguo wa jirani yangu wa kitanda huingia kabisa katika kufuli ya sanduku langu, lakini haugeuki. Siku moja alikosea usiku, akauingiza, ukakwama. Nilipokuja na ufunguo wangu halali, hapakuwa na nafasi. Kafeini ndivyo ilivyo. Umbo lake linafanana na la adenosini kiasi cha kuingia kwenye kipokezi, lakini haligeuzi kitu. Linakaa tu mlangoni. Adenosini halali inabaki nje ikizurura.

Ndugu zangu wa kulamba kahawa kavu, hapa nisikilizeni. Kafeini haiwapi nguvu hata chembe. Adenosini yote mliyoikusanya tangu alfajiri bado ipo, na inazidi kuongezeka wakati mnakesha. Mmeziba masikio tu. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini imeondoka mwilini, na ile adenosini iliyosubiri foleni inaingia kwa pamoja. Ndiyo maana mwenzetu fulani alikesha usiku wa kuamkia mtihani wa majaribio, akaingia chumbani macho makavu, na saa nne unusu asubuhi akalalia karatasi ya Kemia hadi msimamizi alipomgusa bega. Tena anayeinywa kila siku, ubongo wake huongeza vipokezi ili usikie ule ujumbe uliozibwa. Akiacha ghafla, kichwa kinamgonga, kwa kuwa adenosini hutanua mishipa ya damu na sasa hakuna wa kuizuia.

Lakini nisiiseme kafeini vibaya tu. Watoto wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia husahau kupumua, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi haijakomaa na adenosini huinyamazisha. Wauguzi huwapa kafeini kwa kipimo kidogo sana. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2006 na 2007, wenye watoto zaidi ya elfu mbili, ulionyesha kuwa watoto hao walitoka kwenye mashine za kupumulia mapema zaidi na walikua vizuri kuliko wenzao. Kwa hiyo kuna watu wazima wanaotembea leo ambao kinywaji chao cha kwanza kilikuwa, kwa namna fulani, kahawa.

Sasa turudi kwa babu, yaani kwa A2A.

Katika striatamu kuna kundi la seli ambazo kazi yake ni breki. Zikisisimka, mwendo unazuiwa. Kwenye ngozi ya seli hizo hizo kuna kufuli mbili zinazokaa jirani, moja ya dopamini, nyingine ya adenosini, hiyo A2A. Dopamini ikiingia kwenye yake, seli hutulia, yaani mguu unaondoka kwenye breki na mwili unakwenda. Adenosini ikiingia kwenye A2A, seli husisimka, breki inakanyagwa. Kwa mtu mzima mizani inakaa sawa. Kwa babu, dopamini imekwisha, wa kuinua mguu hayupo, na adenosini inaendelea kukanyaga. Mzee anataka kuinuka kitini, ubongo umetoa amri, lakini gari limefungwa breki.

Mnaona basi mlango mwingine ulipo? Badala ya kuhangaika kuongeza dopamini tu, ziba A2A. Toa mguu kwenye breki.

Na kuna kemikali inayoziba A2A ambayo imekua kwenye mibuni ya babu miaka yote. Nilipofika hapo moyo ulinidunda. Nikasoma zaidi, nikakuta habari za Honolulu. Watafiti waliwafuatilia wanaume 8,004 wenye asili ya Japani waliokuwa wakiishi Hawaii, kuanzia miaka ya 1965 hadi 1968, kwa muda wa miaka kama thelathini. Matokeo yalitolewa mwaka 2000. Miongoni mwa wasiokunywa kahawa, ugonjwa wa Parkinson ulitokea kwa kiwango cha watu 10.4 kwa kila elfu kumi kwa mwaka. Miongoni mwa waliokunywa nyingi kabisa, kiwango kilikuwa 1.9. Karibu mara tano! Na babu yangu, mkulima wa kahawa, hajaigusa maisha yake yote. Nilitaka kulia na kucheka pamoja.

Likizo ya Aprili nikafanya upumbavu wangu. Sikumwambia mama, sikumwambia daktari. Nilinunua mkebe wa kahawa, nikawa ninampa babu vikombe vinne kwa siku, vizito, cha mwisho baada ya chakula cha jioni. Babu hakupenda ule uchungu, lakini alikunywa kwa sababu ni mimi niliyempa, na alisema mjukuu wake anasoma sayansi. Siku ya kwanza nilijidanganya kwamba ninaona nafuu. Usiku wa pili hakulala. Usiku wa tatu moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na mkojo ukimwamsha kila saa. Saa tisa za usiku alinyanyuka gizani kwenda chooni, dawa imekwisha nguvu, miguu ikaganda kwenye kizingiti, akaanguka kifudifudi. Alipasuka juu ya jicho. Nilisikia kishindo kile nikiwa kitandani, na hadi leo ninakisikia.

Mama aliuona mkebe. Sitaandika alichoniambia, maana jarida hili linasomwa na walimu. Daktari hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alishona jeraha, kisha akaniketisha akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Wale wa Honolulu walikunywa kahawa kabla ya kuugua au baada?" Nikasema kabla. "Babu yako je?" Nikanyamaza. La pili: "Na una hakika ni kahawa iliyowakinga? Haiwezekani kwamba mtu ambaye ugonjwa umeshamwanza chini kwa chini, miaka kumi kabla ya mkono kutetemeka, huwa hana hamu ya kahawa?" Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Seli nyeusi hufa mapema kabla ya dalili, na huenda ugonjwa ndio uliowapunguzia baadhi ya watu kiu ya kahawa, si ukosefu wa kahawa uliowaletea ugonjwa. Kutazama tu hakuwezi kukuambia kipi kilimvuta mwenzake.

Njia ya kujua ni kujaribu kwa haki. Na wamejaribu. Huko Kanada kikundi cha Ronald Postuma kiliwapa wagonjwa 61 kafeini au vidonge vitupu kwa majuma sita, na mwaka 2012 wakasema wameona mwendo ukiwa bora kidogo kwa waliopata kafeini. Watu walifurahi, magazeti yakaandika. Lakini kikundi kile kile, kwa uaminifu, kilirudia jaribio kwa wagonjwa 121 na kwa muda mrefu zaidi, kafeini miligramu 200 mara mbili kwa siku. Matokeo ya mwaka 2017: hakuna nafuu yoyote ya mwendo. Nilisoma mkebe ulipokwisha kutupwa jalalani.

Kwa nini, ikiwa A2A ni breki kweli? Sababu moja ni kwamba kafeini haichagui. Inaingia A1 na A2A kwa pamoja, moyoni, figoni, kote. Ukitaka kuongeza kipimo ili uzibe A2A vizuri, unamkosesha mtu usingizi na kumtia mapigo ya moyo kabla hujafika. Tena mwili unaizoea. Ndiyo maana wenye maarifa walitafuta ufunguo bandia unaoingia A2A peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa California waliweza kuona umbo la kipokezi cha A2A, chembe kwa chembe, na tangu hapo wachonga funguo wakawa na picha ya kufuli.

Ufunguo uliofika mbali zaidi ulichongwa Japani. Jina lake istradefilini, na asili yake ni ya jamii ile ile ya kafeini, ila umeongezwa mkia unaoufanya uipende A2A. Safari yake haikuwa nyepesi. Mwaka 2008 Marekani waliukataa. Mwaka 2013 Japani waliukubali. Marekani wakaukubali mwaka 2019, uuzwe kwa jina la Nourianz, uwe wa kuongezwa juu ya levodopa kwa wagonjwa ambao dawa yao inakwisha nguvu katikati, yaani watu kama babu. Mwaka 2021 kamati ya dawa ya Ulaya ikausoma ushahidi ule ule, ikasema hautoshi. Mimi nilidhani sayansi ni jibu moja. Kumbe wataalamu wanaweza kukaa na karatasi zile zile wakatoka na hukumu mbili.

Na huo ndio uliofaulu. Preladenanti, ufunguo mwingine wa A2A, uliachwa mwaka 2013 kwa sababu katika majaribio makubwa haukushinda vidonge vitupu. Tozadenanti ulisimamishwa mwaka 2017, kwa kuwa wagonjwa kadhaa walipungukiwa vibaya na chembe nyeupe za damu na baadhi yao wakafariki. Hao walikuwa watu waliojitolea. Ninapoandika neno "majaribio" sasa siliandiki kwa wepesi kama zamani.

Kuhusu kifafa nitasema kwa ufupi, ingawa linastahili makala yake, na kuna mwenzetu aliyeniomba nisilisahau. Huko mambo yamegeuka. Katika Parkinson tunataka kuzuia adenosini, katika kifafa tunaitaka. Mwaka 1992 watafiti walipima ndani ya bongo za wagonjwa wa kifafa, wakaona kwamba kifafa kinapoanza, adenosini hupanda sana, na hubaki juu hata baada ya kwisha. Yaani ubongo wenyewe humwaga maji juu ya moto wake, kupitia A1. Basi kwa nini wasitengeneze kidonge cha kugeuza A1? Mnalikumbuka lile la moyo? A1 ziko moyoni pia. Kidonge cha namna hiyo kingetuliza ubongo na kuupunguzia moyo kasi pamoja na kushusha shinikizo la damu. Kwa hiyo sasa wanatafuta njia ya kuizuia ile kimeng'enya inayoondoa adenosini ubongoni, ili adenosini iongezeke pale pale panapowaka. Na kwa upande wa pili, teofilini, ndugu wa kafeini ambayo imetumika kwa pumu, ikizidishwa inaweza kumtia mtu kifafa. Ukikifahamu kipokezi, mambo haya hayashangazi tena.

Nilimuuliza daktari kuhusu istradefilini siku ya kutoa nyuzi. Alisema hajawahi kuishika mkononi. Kisha akaniambia nisimpe mzee matumaini makubwa kuliko kidonge chenyewe. Katika majaribio, alisema, ilipunguza muda wa kuganda kwa chini ya saa moja kwa siku, ukilinganisha na vidonge vitupu. Wala haizuii seli kufa. Kwa sasa alibadilisha saa za levodopa, vidonge vidogo lakini mara nyingi, na akasema asivimeze pamoja na maharagwe au nyama, kwa kuwa protini hung'ang'ania mlango ule ule wa kuingilia. Hilo peke yake lilimpa babu alasiri nzuri ambazo hatukuwa tumeziona kwa miezi.

Nilimweleza babu yote haya uani, kwa Kiswahili na Kikuyu, nikiwa na kufuli yangu na funguo mbili. Aliigeuzageuza kufuli mkononi, ule mkono ukitetemeka. Nilipofika kwenye lile la chini ya saa moja, niliona haya, nikasema ni kidogo sana, babu, si kitu.

Akaniuliza, "Chini ya saa moja kila siku?"

Nikasema ndiyo.

Akatazama shambani, midomo ikihesabu. "Kwa dakika arobaini," akasema, "mimi ninapogoa mibuni minane."